Ushirikiano au Ubia? Historia ya Nafasi za Wahadhiri na Wanafunzi katika Majaribio ya Fizikia ya Chembe

Ikisiri

Makala hii inafuatilia namna wahadhiri na wanafunzi wa vyuo vikuu walivyopata nafasi ya kushiriki katika majaribio makubwa ya fizikia ya chembe tangu miaka ya 1950, na inauliza kwa nini Afrika Mashariki imeingia katika historia hiyo kama mwenyeji na kama mgeni, lakini kwa nadra kama mbia. Mifano inatoka katika maabara ya CERN, Kituo cha Trieste, maabara ya Fermilab, Moroko, Afrika Kusini na Shule ya Afrika ya Fizikia iliyofanyika Kigali mwaka 2016. Hoja kuu ni kwamba nafasi ya mwanafunzi haidumu pale ambapo mhadhiri wake hana nafasi, na kwamba neno “ushirikiano”, tunalolitumia kutafsiri uhusiano wa taasisi ndani ya majaribio hayo, limeficha hali halisi ya mambo kwa watunga sera wetu.

Herufi U

Tarehe 12 Desemba 1970, siku Kenya ilipoadhimisha miaka saba ya uhuru, roketi ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco lililosimikwa baharini karibu na Malindi. Jukwaa lilikuwa la Waitalia, setilaiti ilikuwa ya Wamarekani, na bahari ilikuwa yetu. Hiyo ndiyo setilaiti ya kwanza duniani kutengenezwa mahususi kwa ajili ya kupima eksirei zitokazo angani. Vipimo vyake vilikuwa masanduku ya gesi yenye uwezo wa kuhesabu mnururisho unaoingia, ndugu wa karibu wa vigunduzi vilivyotumika wakati huo katika maabara za fizikia ya chembe. Setilaiti hiyo, iliyotumiwa na watafiti waliofanya kazi chini ya Riccardo Giacconi, ilipewa jina la Uhuru kwa heshima ya wenyeji wao. Jina hilo lilishika. Katalogi ya nne ya setilaiti hiyo, iliyochapishwa mwaka 1978, iliorodhesha vyanzo 339 vya eksirei, na hadi leo wanaastronomia wanapokitaja chanzo kwa alama ya 4U, herufi hiyo ya pili ni ya neno la Kiswahili. Mwaka 2002 Giacconi alitunukiwa Nobeli.

Neno letu, basi, limo katika sayansi hiyo kwa zaidi ya nusu karne. Katika orodha ya waandishi wa katalogi hiyo, hata hivyo, hamna jina la Mkenya. Silisemi jambo hili kwa kulalamika. Mwaka huohuo wa 1970 ndio Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki kilipovunjwa na vyuo vikuu vya Nairobi, Dar es Salaam na Makerere vikaanza kujitegemea; idara zao za fizikia zilikuwa zikihangaika kupata walimu wa mwaka wa kwanza. Ninalitaja kwa sababu linaweka wazi tofauti ambayo makala hii imejengwa juu yake: kuwa mwenyeji wa jaribio ni jambo moja, na kuwa mmoja wa wenye jaribio ni jambo jingine kabisa.

Mimi ni mtafiti wa lugha, si mwanafizikia. Niliingia katika historia hii nikitafuta istilahi, nikakuta kwamba istilahi moja haiwezi kuamuliwa kabla historia yenyewe haijaeleweka.

Maabara iliyozaliwa na uhaba

Washauri wa sera wanapoitaja CERN, mara nyingi huitaja kama mfano wa utajiri: bomba la duara lenye urefu wa kilomita 27 chini ya ardhi ya Uswisi na Ufaransa, maelfu ya wahandisi, kompyuta zisizohesabika. Chimbuko lake ni kinyume cha hayo. Baada ya Vita Kuu ya Pili, hakuna nchi ya Ulaya Magharibi iliyoweza peke yake kujenga mashine ya kuchapuza chembe iliyoshindana na zile za Marekani, na vijana wake waliosoma fizikia walikuwa wakivuka Atlantiki na kubaki huko. Mwezi Juni 1950, katika Mkutano Mkuu wa UNESCO uliofanyika Florence, mwanafizikia wa Kimarekani Isidor Rabi aliwasilisha azimio la kuitaka UNESCO isaidie kuanzishwa kwa maabara za kikanda. Mkataba ulitiwa sahihi Paris mwezi Julai 1953 na nchi 12, na CERN ikaanza kuwapo kisheria tarehe 29 Septemba 1954. Miongoni mwa nchi hizo kulikuwa na Ujerumani Magharibi na nchi kadhaa ambazo miaka kumi tu kabla zilikuwa chini ya mabomu yake. Ilikuwamo pia Yugoslavia, ambayo haikuwa tajiri kwa kipimo chochote.

Mkataba huo una masharti mawili yanayostahili kuangaliwa na mwanahistoria wa nafasi za utafiti. Kwanza, maabara haitajihusisha na kazi za kijeshi. Pili, matokeo yake yatachapishwa au kutolewa wazi kwa wote. Sharti la pili ndilo lililozaa mengi yaliyofuata, pamoja na uamuzi wa Aprili 1993 wa kuiachia dunia nzima programu za wavuti bila malipo, na ule wa Novemba 2014 wa kuanza kuweka data za majaribio hadharani. Kwa wapenzi wa Kiswahili kuna jambo dogo la kutabasamia hapa: ukumbi uliozaa wazo la CERN, yaani Mkutano Mkuu wa UNESCO, ndio huohuo uliotangaza mwaka 2021 kwamba tarehe 7 Julai ni Siku ya Kiswahili Duniani.

Nafasi za wanafunzi zilikuja baadaye kidogo. Mwaka 1962, wakati Victor Weisskopf akiwa Mkurugenzi Mkuu, CERN ilianzisha mpango wa kuwapokea wanafunzi wakati wa kiangazi. Umbo lake halijabadilika sana: asubuhi mihadhara, na muda unaobaki mwanafunzi anaungana na kundi la watafiti na kupewa kazi yake mwenyewe. Kwa muda mpango huo ulikuwa wa watoto wa nchi wanachama. Baadaye ulifunguliwa njia ya pekee kwa wanaotoka nchi zisizo wanachama, na Waafrika wamekuwa wakiingia kwa njia hiyo. Mpango huu umesifiwa sana, na kwa haki. Lakini ni mpango wa mgeni. Wahenga wetu walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe; mwanafunzi wa kiangazi hurudi kwao kabla jembe halijamkaa mkononi.

Mhadhiri wa Lahore

Historia ya nafasi za wahadhiri ina mtu mmoja ambaye haiwezekani kumruka. Abdus Salam alirejea Lahore mwaka 1951 akitokea Cambridge, akiwa mmoja wa vijana hodari kuliko wote katika fizikia ya nadharia. Alikuta chuo kisicho na mtu wa kujadiliana naye, kisicho na majarida mapya, na ambacho kilimtaka, pamoja na kufundisha, asimamie timu ya soka. Alivumilia kwa miaka mitatu. Mwaka 1954 alirudi Uingereza, na katika maisha yake yote yaliyofuata alisimulia kwamba alilazimika kuchagua kati ya fizikia na nchi yake.

Kisa hiki husimuliwa kama kisa cha kutoroka kwa wasomi. Mimi nakiona kama chimbuko la chombo cha sera. Salam alipofanikiwa kuanzisha Kituo cha Kimataifa cha Fizikia ya Nadharia, Trieste, mwaka 1964, alibuni utaratibu wa washiriki: mhadhiri anayefanya kazi katika nchi inayoendelea anapewa haki ya kufika Trieste mara kadhaa katika kipindi cha miaka kadhaa, kila mara kwa majuma au miezi michache, kisha anarudi kwenye kituo chake cha kazi. Si masomo ya shahada wala si ajira. Ni haki ya kwenda na kurudi, iliyobuniwa na mtu aliyekwenda na hakuweza kurudi. Wahadhiri wa Afrika Mashariki wamenufaika nayo, na Trieste ndiyo iliyokuja kuwa mlezi wa taasisi ya Kigali nitakayoitaja baadaye.

Kinachonivutia ni kwamba Salam alianza na mhadhiri. Angeweza kuanza na mwanafunzi, ambaye hugharimu kidogo na hupendeza zaidi katika picha za wafadhili. Alijua kwamba mwanafunzi hodari anayerudi kwa mwalimu aliyekata tamaa hukata tamaa pia, au huondoka.

Masharti yaliyowekwa mapema

Marekani inatupa mfano wa aina nyingine. Mwaka 1966 Tume ya Nishati ya Atomu ilichagua kijiji cha Weston, karibu na Chicago, kuwa mahali pa maabara mpya ya kuchapuza chembe, ile ambayo leo inaitwa Fermilab. Jimbo la Illinois halikuwa na sheria ya kuwazuia wenye nyumba kuwabagua Weusi, na vyama vya haki za kiraia vikauliza: mwanasayansi au fundi Mweusi atakayeajiriwa huko atalala wapi? Suala hilo lilifika hadi bungeni Washington kabla ya fedha kuidhinishwa. Mwezi Machi 1968 mkurugenzi, Robert Wilson, na naibu wake walitoa tamko la sera kwamba maabara haitaruhusu ubaguzi na kwamba haki za binadamu hazitapisha kazi ya sayansi. Vijana Weusi wa Chicago walipelekwa Oak Ridge kujifunza ufundi kabla mashine haijakamilika, na mwanzoni mwa miaka ya 1970 ukaanzishwa mpango wa kiangazi kwa wanafunzi wa makundi yaliyoachwa nyuma, ambao umedumu hadi karne hii.

Hayo yote yalitendeka wakati ardhi na bajeti vilikuwa bado mezani. Mtu akilinganisha na Malindi atauliza, na ni sawa aulize, ni masharti gani ya mafunzo ambayo nchi mwenyeji inaweza kudai kabla jukwaa halijasimikwa, na ni mangapi yanabaki ya kudai likishasimama.

Kurasa 24 za majina

Mwezi Mei, mwaka 2015, hapana ajuaye jarida angeweza kulisahau. Mwezi huo makundi mawili ya majaribio ya CERN, ATLAS na CMS, yalichapisha kwa pamoja makala ya kupima uzito wa bosoni ya Higgs, chembe iliyotangazwa kugunduliwa tarehe 4 Julai 2012. Makala ilikuwa na kurasa 33. Tisa zilikuwa za hoja na marejeo. 24 zilizobaki zilikuwa za majina ya waandishi 5,154 na taasisi zao. Kwa mtu aliyezoea matini za fasihi, hii ni matini ya ajabu: mwandishi ni mrefu kuliko maandishi yake. Majina yamepangwa kwa alfabeti. Profesa aliyebuni kigunduzi na mwanafunzi wa uzamivu aliyekikagua usiku wanapata mstari uleule.

Jina linaingiaje humo? Hapa ndipo tafsiri zetu zinapokwama. Mtu haombi kuingia peke yake kwa uhodari wake. Taasisi yake lazima iwe imekubaliwa na wenzake, na hati ya makubaliano iwe imetiwa sahihi kati ya CERN na chombo kinachogharimia taasisi hiyo. Taasisi huchangia gharama za kuendesha jaribio, na mchango wa uendeshaji huhesabiwa kwa idadi ya wanasayansi wenye uzamivu, wanafunzi hawahesabiwi. Kisha kila mwandishi mpya, wa chuo kikubwa au kidogo, hupewa kazi ya kiufundi ya manufaa kwa wote, kama vile kukagua vifaa au kuandika programu, ambayo kwa kawaida huchukua takriban mwaka mmoja, kabla jina lake halijakubaliwa. Hilo ndilo jembe. Na zingatia mwelekeo wa hesabu: mhadhiri mmoja mwenye uzamivu akilipiwa, wanafunzi wake wanapita mlango uleule bila kuongeza mchango huo.

Moroko iliuelewa utaratibu huu mapema. Vyuo vyake havikuomba kila kimoja kivyake. Vya Casablanca, Rabat, Oujda, Marrakesh na vinginevyo viliunda mtandao mmoja wa fizikia ya nishati kubwa, vikaingia ATLAS mwaka 1996 kama kundi, wakati kigunduzi kilikuwa bado kinajengwa, na watu wao wakashiriki katika ujenzi. Afrika Kusini ilifuata njia tofauti: mwishoni mwa 2008 iliunda mpango wa kitaifa unaokusanya vyuo vyake na maabara ya iThemba, wenye fedha za serikali za kuwasafirisha wahadhiri pamoja na wanafunzi wao. Njia mbili, moja ya vyuo kujikusanya na nyingine ya serikali kuvikusanya, lakini zote zilianza na jambo lilelile: wahadhiri wachache walioajiriwa kwa kudumu, waliokuwa na ruhusa ya kusafiri na kurudi.

Kigali, Agosti 2016

Mwaka 2010, huko Stellenbosch, ilifanyika kwa mara ya kwanza Shule ya Afrika ya Fizikia ya Msingi na Matumizi Yake. Waasisi wake ni pamoja na Ketevi Assamagan, mwanafizikia mwenye asili ya Togo anayefanya kazi maabara ya Brookhaven, na wenzake kutoka CERN na kwingineko. Shule hii haina majengo. Huhama kila baada ya miaka miwili: Kumasi 2012, Dakar 2014, Kigali 2016, Windhoek 2018, na baada ya kuvurugwa na ugonjwa wa korona ikaendelea, hata Marrakesh ikaipokea mwaka 2024. Kwa majuma kadhaa wanafunzi waliochaguliwa kutoka bara zima husoma nadharia, majaribio, uchapuzi na matumizi ya kompyuta.

Kwa eneo letu, mwaka wa Kigali ulikuwa na uzito wake, kwa sababu haukupita ukaacha vumbi tu. Chuo Kikuu cha Rwanda kilikuwa mwenyeji, na miaka miwili baadaye, 2018, ikazinduliwa hapohapo Taasisi ya Afrika Mashariki ya Utafiti wa Msingi, mshirika wa Trieste, inayofundisha uzamili na uzamivu. Mwanafunzi wa Bujumbura au Mwanza ana leo mahali pa kusomea fizikia ya nadharia pasipohitaji kuvuka bahari. Miundombinu nayo imebadilika. Kabla ya waya wa SEACOM kufika Mombasa na Dar es Salaam mwaka 2009, vyuo vyetu vilitegemea setilaiti ya gharama kubwa, na kuchambua data za Geneva kutoka Nairobi ilikuwa ndoto. Sasa mitandao ya vyuo, kama KENET, TERNET na RENU, inaiwezesha kazi hiyo, na data zilizowekwa hadharani tangu 2014 zinaweza kufunguliwa na yeyote.

Tatizo limehamia kwenye ratiba. Mhadhiri mmoja rafiki yangu, wa chuo nisichokitaja, alirudi kutoka mafunzo ya miezi mitatu nje akiwa na mada ya utafiti, wenzake wa kuandikiana nao kila juma, na wanafunzi wawili waliotaka kuandika tasnifu juu ya data alizozileta. Alikuta amepangiwa vipindi 18 kwa juma, kufidia vile alivyovikosa. Mikutano ya kundi lake ilikuwa alasiri ya saa za Ulaya, muda ambao alikuwa darasani. Baada ya mihula mitatu jina lake liliondolewa katika orodha ya barua pepe ya kundi, bila ugomvi wowote, kwa sababu hakuwa akijibu. Mmoja wa wanafunzi wale yuko Ulaya. Mwingine anafundisha sekondari, na anafundisha vizuri. Hakuna aliyeiba chochote hapa, na hakuna sheria iliyovunjwa. Chuo kilimhesabu kama mtu aliyekuwa likizo.

Ndiyo maana nasita ninapoona ripoti zinazopima mafanikio kwa idadi ya wanafunzi waliopelekwa shule za muda mfupi. Idadi hiyo inasema juu ya milango iliyofunguliwa upande wa pili. Haisemi lolote kuhusu mlango wa kwetu.

Neno la kutia sahihi

Kiswahili kimeifanyia fizikia kazi kubwa kuliko inavyodhaniwa. Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia iliyotolewa na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili mwaka 1990 inathibitisha kwamba ukosefu wa maneno ya maabara si kisingizio tena. Protoni, nyutroni, kiini na mnururisho ni maneno yasiyomsumbua mtu. Kwa mashine ya kugonganisha chembe ninapendelea “kigonganishi” kuliko “kolaida”, ingawa wanafunzi niliowahoji walicheka na kuendelea kusema kolaida.

Ugumu uko katika neno la kiutawala. Kundi kama ATLAS tumezoea kuliita “ushirikiano”. Katika Kiswahili cha ofisi zetu, ushirikiano ni uhusiano mwema: viongozi hukutana, hupeana mikono, hati huwekwa kabatini, na kila upande huendelea na mambo yake. Hauna hisa, hauna zamu, wala haumfukuzi asiyetokea. Kinachoelezwa na hati za majaribio haya kina mtaji, mgawo wa gharama, kazi ya lazima, kura katika baraza, na faida inayogawanywa kwa jina. Wafanyabiashara wa pwani walikuwa na neno la kitu hicho karne nyingi kabla ya CERN, nalo ni “ubia”. Mbia huulizwa ameleta nini, na naye huuliza chake kiko wapi.

Ninapendekeza, kwa hiyo, kwamba tafsiri za hati hizi zinazoandaliwa kwa ajili ya wizara na mabaraza ya vyuo vikuu zitumie “ubia” na “taasisi mbia”, na kwamba “ushirikiano” libaki kwa ziara, mihadhara na shule za muda mfupi. Ofisa wa hazina anayesoma kwamba chuo kinaomba kuingia katika ushirikiano ana haki ya kuuliza kwa nini urafiki unahitaji mstari katika bajeti ya kila mwaka. Akisoma ubia, atauliza maswali mengine: hisa ni kiasi gani, nani atafanya kazi, ratiba yake ya kufundisha itapunguzwa kwa vipindi vingapi, na ni chombo gani kitakachotia sahihi. Swali hilo la mwisho lina majibu kadhaa yanayowezekana. Inaweza kuwa wizara ya nchi moja, kama Afrika Kusini, au kundi la vyuo vilivyojiunga, kama Moroko. Na kwa kuwa Baraza la Vyuo Vikuu vya Afrika Mashariki lipo Kampala na lina wajumbe kutoka pande zote za mipaka yetu, sioni kwa nini kundi hilo lisianzie hapo, na wahadhiri wanne au watano wenye uzamivu na barua za kupunguziwa vipindi.